Wazazi Walioanzisha Shule

Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha habari za watoto 11 wenye hali moja: walijitenga na watu, hawakutaka jambo lolote libadilishwe, na baadhi yao hawakusema kabisa. Hali hiyo leo tunaiita usonji. Bahati mbaya, baada ya ugunduzi huo ilifuata lawama. Kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wengi walifundisha kwamba chanzo chake ni wazazi, hasa mama asiye na mapenzi, ambaye walimfananisha na jokofu. Mama alimpeleka mwanawe hospitali kutafuta msaada, akarudi nyumbani na hatia.

Mwaka 1962 wazazi kadhaa wa London waliunda chama ambacho sasa kinaitwa National Autistic Society. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili, ambaye binti yake alikuwa na usonji. Wangeweza kutumia nguvu zao zote kujibu lawama. Wao waliamua kutafuta shule. Ifahamike kwamba Uingereza siku zile (nchi tajiri hiyo!) mtoto aliyepimwa na kuonekana hafundishiki aliondolewa kisheria katika mfumo wa elimu. Huko England na Wales utaratibu huo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika 1971.

Mwalimu alipatikana pasipotarajiwa. Sybil Elgar alikuwa karani wa shule, akajisomea ualimu, na mwaka 1962 akaanza kufundisha watoto wachache katika chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1965 chama kilifungua shule huko Ealing, naye akawa mwalimu mkuu. Njia yake haikuwa na miujiza: maneno machache na wazi, kazi iliyogawanywa hatua kwa hatua, kuonyesha kwa vitendo, na ratiba isiyoyumba. Watoto waliokwisha kukataliwa wakajifunza.

Sayansi ilikuja nyuma yao. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walitangaza uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, 4 walikuwa na usonji wote wawili. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Jambo hilo lilielekeza kwenye urithi wa damu, si kwenye malezi. Kwa maoni yangu, kina mama wale walistahili kuombwa radhi hadharani.

Watoto nao hukua. Mwaka 1974 chama kilifungua Somerset Court, makazi ya watu wazima wenye usonji.

Hapa Afrika Mashariki, chama cha usonji cha Kenya kilianzishwa mwaka 2003, nacho pia kilianzishwa na wazazi. Kitengo cha watoto hao kikawekwa ndani ya shule ya kawaida ya serikali, City Primary, Nairobi.