Kambi Isiyovunjwa: Historia ya Neno 'Camp' katika Turkana

Asili ya neno la Kiingereza 'camp' ni neno la Kilatini 'campus', yaani uwanda ulio wazi. Katika Kiingereza lilihusu kwanza majeshi yaliyolala mahemani. Baadaye likaenea kwa wasafiri, wafungwa, vijana wa likizoni na hata makundi ya siasa. Kiswahili nacho kina 'kambi' kwa maana zizo hizo: kambi ya jeshi, kambi ya manamba katika mashamba ya mkonge, kambi ya timu ya kandanda, kambi ya upinzani bungeni. Ukiacha hiyo ya siasa, matumizi hayo yana kiini kimoja: waliopo wapo kwa muda. Vitenzi vinavyoandamana na neno hilo vinathibitisha jambo hilo, kwani kambi hupigwa, na aliyeipiga ndiye huivunja.

Kwa kiini hicho, mwenye kambi hasa katika Turkana angekuwa mfugaji. Yeye huhamisha awi, yaani boma lake, kufuata maji na malisho. Hata hivyo, historia imelitumia neno hili kwa watu wengine.

Wakati wa Hali ya Hatari (1952–1960), kambi nchini Kenya ilikuwa mahali pa kizuizini: Manyani, Mwea, Hola. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Mwaka uo huo Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, lakini badala ya kurudi kwao alipelekwa Lodwar, akazuiliwa huko hadi 1961. Mbele ya sheria hakuwa tena mfungwa, wala mji wa Lodwar haukuwa kambi. Jangwa lenyewe lilitosha kuwa ua.

Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, ilipata kambi yake mwaka 1992. Waliofika mwanzoni ni vijana wa Sudan waliokuwa wameikimbia Ethiopia mwaka 1991, baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu. Wakafuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengineo, hata kambi ikagawanywa kwa namba, Kakuma 1 hadi Kakuma 4. Mji mdogo wa Kakuma ulikuwako kabla yao. Ndiyo maana hadi leo hutofautishwa aliye mjini na aliye kambini.

Hapa ndipo vitenzi vilipobadilika. Kambi ya Kakuma haisemwi kuwa itavunjwa. Husemwa kuwa itafungwa. Mwaka 2021 Serikali ya Kenya ilitaja tarehe 30 Juni 2022 kuwa siku ya kuzifunga Kakuma na Dadaab. Siku hiyo ilipita na kambi zikabaki. Tofauti ya vitenzi hivyo si ndogo. Anayevunja kambi ni mwenyeji wake, naye hufanya hivyo safari ikiwadia. Anayeifunga ni mwenye ufunguo, naye si lazima awe anaishi ndani yake.

Aidha, kumekuwa na jitihada za kuliacha neno lenyewe. Kalobeyei, iliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma, iliitwa makazi, na sehemu zake zikaitwa vijiji. Mwaka 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Lakini jina jipya litakuwa na maana iwapo litaambatana na ruhusa ya kusafiri, kufanya kazi na kujenga nyumba ya kudumu, na iwapo Waturkana wenye ardhi watashauriwa.

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto aliyezaliwa Kakuma mwaka 1992 amekwisha kupita umri wa miaka 30. Neno 'kambi' limemweka muda wote huo katika siku ya pili.