Makuli wa Galbet nao wana sheria yao

Leo nawatoa pwani kidogo, twende Galbet, mojawapo ya wadi nne za Garissa mjini. Lori lililopakia mchele Mombasa laweza kupita Malindi, Garsen na Hola mpaka likafika huko, kwa hivyo habari hii ni yetu pia.

Nilikuwa kwa jamaa, nikaketi kivulini mwa stoo moja nikitazama makuli wakishusha mzigo. Gunia la kilo 50 begani, ubao mwembamba kutoka lorini hadi mlangoni, na joto la Garissa mnalijua. Nikamuuliza kijana mmoja, ukianguka nani atakutibu? Akacheka. "Mjomba, hapa ukianguka mwenzako anachukua gunia lako."

Kijana yule hakujua kwamba sheria inamtambua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi, na ghala limo. Mfanyakazi akiona hatari kubwa, amwarifu msimamizi, na mwenye ghala haruhusiwi kumrudisha hapo mpaka hatari iondolewe. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama. Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo: mfanyakazi akifa kazini, au akilemaa moja kwa moja asiweze kazi tena, fidia ni mapato ya miezi 96.

Tatizo ni daftari. Sheria ya Ajira inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi. Lakini kuli asiyeandikwa popote atathibitisha vipi? Mwenye stoo anayejua idadi ya magunia yake hadi la mwisho hashindwi kuandika jina, siku na ujira. Twajisifu kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka, na jina lake hatulijui.

Sasa kazi yenyewe. Magunia yapangwe kwa kupishana kama matofali, juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Ya nailoni huteleza, basi rundo lisiende juu mno. Kutoa ni kuanzia juu. Anayechomoa gunia la chini anajiangushia rundo zima.

Linalonitisha zaidi ni vidonge vya kuua fukusi. Vikipata unyevu, hata ule wa hewani tu, hutoa gesi ya fosfini, ambayo haina dawa ya kuipoza ikishaingia mwilini. Na desturi yetu ni mlinzi au utingo kulala juu ya magunia, kwani ndani kuna usalama wa mali! Ghala lililotiwa vidonge lifungwe, liwekwe alama mlangoni, asilale mtu humo wala chumba kinachopakana nalo. Kabla ya kuingia, milango ifunguliwe hewa ipite vya kutosha, na mwenye ujuzi apime. Mabaki ya vidonge yasimwagiwe maji ndani. Kama pana harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, toka kwanza, maswali baadaye. Kutosikia harufu nako si dhamana.

Kwa lori, magurudumu yawekewe mawe kabla ya kushusha, na linaporudi nyuma awepo mtu mmoja tu wa kumwelekeza dereva, si uwanja mzima kupiga kelele. Dereva wa lori la biashara asizidishe saa 8 za usukani katika saa 24. Na Mto Tana ukifurika, kama Novemba 2023 na Aprili 2024 barabara ya Madogo ilipokatika, mzigo ungoje ng'ambo.

Ajali ikitokea, mwajiri anatakiwa kuiarifu idara ya usalama na afya kazini kwa maandishi ndani ya siku 7. Mtu akifa, taarifa itolewe ndani ya saa 24. Familia isikubali kupewa pesa za sanda na kuambiwa yameisha. Iulize kwanza kama taarifa hiyo ilipelekwa.