Wachungaji Wawili wa Mji wa Birmingham



Mzee mmoja wa kanisa alitujia siku moja baada ya ibada, akatuvuta kando. Jirani yake Mwislamu alikuwa amezikwa juma lile. Huyo marehemu ndiye aliyetoa gari lake kubeba mawe kanisa lao lilipokuwa likijengwa, wala hakutaka kulipwa hata senti moja. Mzee wetu alikuwa amesimama kaburini pamoja na wengine, na sasa alitaka kujua neno moja tu. Alituuliza, "Yuko wapi?" Tulianza kumpa jibu refu. Tulipomtazama usoni tuliona kwamba halimsaidii, tukanyamaza.

Swali hilo si la mzee yule peke yake. Dini ni nyingi duniani, na katika kila dini wamo watu wema, wakweli na wenye kumcha Mungu. Je, Mkristo aseme nini? Leo tumechagua kuwasimulia habari za watu wawili ambao swali hili liliwashughulisha kwa miaka mingi. Wote wawili walikuwa Waingereza. Wote walikuwa wachungaji wa kanisa moja, yaani United Reformed, lililozaliwa mwaka 1972 wakati Wapresbiteri na Wakongregesheni wa Uingereza walipoungana. Tena wote wawili waliishi Birmingham kwa wakati mmoja. Hata hivyo majibu yao hayakukutana.

Wa kwanza ni John Hick. Alizaliwa mwaka 1922. Alipokuwa kijana anasoma sheria huko Hull, aliokoka baada ya siku kadhaa za mahangaiko mazito ya moyo, na imani yake ilikuwa ile ile wanayoihubiri ndugu zetu wa uamsho. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, dhamiri yake ilimkataza kushika bunduki, akatumika katika kikosi cha kuhudumia majeruhi na wagonjwa kilichoanzishwa na Marafiki, wale wale ambao wenzao walifika Kaimosi mwaka 1902. Baada ya vita akawa mchungaji wa kanisa dogo la mashambani, kisha mwalimu wa falsafa ya dini huko Marekani na Cambridge. Mwaka 1967 akahamia Birmingham.

Mji huo wa viwanda ulikuwa ukibadilika upesi. Walikuwa wamefika watu kutoka India, Pakistani na visiwa vya Karibi, na miongoni mwa waliofuata walikuwamo watu waliotoka huku kwetu. Mtakumbuka, ninyi mlio na umri, jinsi Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walivyoanza kuondoka kwa wingi, hata bunge la London likapitisha sheria ya haraka mwezi wa Machi 1968 ili kuwazuia. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda. Uingereza haikuwapokea wote kwa mikono miwili. Hotuba kali ya Enoch Powell ya Aprili 1968, ya kuonya juu ya wageni, ilitolewa Birmingham humo humo. Hick akawa upande wa wageni. Akawa mwenyekiti wa chama cha watu wa dini mbalimbali waliopinga ubaguzi wa rangi, na akaongoza jopo lililotengeneza mafundisho mapya ya dini kwa shule za mji, yaliyotolewa mwaka 1975, ili mtoto wa Singasinga na mtoto wa Mkristo wajifunze kila mmoja habari za mwenzake.

Tunawaomba mkumbuke jambo hili kabla hamjamhukumu mtu huyu. Hakuanza na vitabu, bali na majirani.

Kazi hiyo ilimfanya aingie misikitini, katika masinagogi ya Wayahudi, katika mahekalu ya Wahindu na ya Masingasinga. Nje mambo yalikuwa tofauti: lugha, mavazi, nyimbo, harufu ya ubani. Lakini ndani, alisema, aliona jambo lile lile analoliona kanisani, yaani watu wamekusanyika kuinua mioyo yao kwa Aliye juu, naye anawadai waishi kwa haki na upendo. Akajiuliza: Je, yawezekana Mungu wa upendo ameweka wokovu mahali ambapo wengi wa wanadamu, kwa sababu tu ya nyumba waliyozaliwa, hawawezi kufika?

Mwaka 1973 alitoa kitabu, akatumia mfano wa nyota. Zamani watu waliamini kwamba jua na sayari zote huizunguka dunia. Walipoona mwendo wa sayari haulingani na hesabu zao, waliongeza duara dogo juu ya duara kubwa, na jingine tena, ili hesabu ikae sawa. Kisha mwaka 1543 Copernicus akatoa kitabu chake, akisema jua ndilo lililo katikati, na dunia nayo ni mojawapo ya zinazozunguka. Hick akasema Wakristo nao wafanye hivyo hivyo: Mungu awe katikati, na dini zote, Ukristo ukiwamo, ziwe sayari zinazomzunguka. Maelezo ya Wakristo wengine aliyaona kuwa duara dogo la kuongezwa tu. Kwa mfano, Mkatoliki Karl Rahner alifundisha kwamba mtu wa dini nyingine aliyeipokea neema ya Mungu bila kulijua jina la Kristo ni Mkristo asiyejijua. Hick aliona hilo ni kumvika jirani nguo ambayo hakuiomba. Kwa kweli sisi nasi hatudhani kwamba marehemu wa mzee wetu angefurahi kuitwa hivyo.

Wa pili ni Lesslie Newbigin. Alizaliwa mwaka 1909, na mwaka 1936 alikwenda India kuwa mmisionari wa Kanisa la Scotland. Katika mji mtakatifu wa Kanchipuram alifanya jambo ambalo wamisionari wengi wa siku zile wasingelifanya. Alikwenda kuketi sakafuni pamoja na watawa wa Kihindu wa Ramakrishna, na kwa zamu wakasoma maandiko yao ya Upanishadi na Injili ya Yohana, wakiulizana maswali. Katika ukumbi wa watawa hao palikuwa na picha za waalimu wakuu wa dini za dunia, na picha ya Yesu ilikuwa mojawapo. Kila Krismasi waliifanyia ibada. Mtu angedhani mmisionari atashangilia. Newbigin hakushangilia. Aliona kwamba India ilikuwa bado haijasikia lile Yesu alilolisema. Ilikuwa imempa nafasi ukutani tu, katika nyumba ambayo ilikuwa imekwisha kujengwa.

Mwaka 1947, makanisa ya kusini mwa India yalipoungana, akawekwa kuwa askofu akiwa na umri wa miaka 37. Alirudi Uingereza mwaka 1974, na hapa hatuwezi kupita bila kuwaambia jinsi alivyorudi. Yeye na mkewe Helen walisafiri kwa mabasi ya kawaida, nchi kwa nchi, wakiwa na masanduku mawili na mfuko wa mgongoni. Walipofika Kapadokia, nchi ambayo hapo kale ilitoa baadhi ya waalimu wakubwa wa kanisa, walikuta kwamba Jumapili ile hakuna Mkristo hata mmoja wa kusali naye. Walifanya ibada wao wawili tu. Katika safari nzima hapo ndipo mahali pekee walipokosa wenzao.

Basi askofu huyu akaja kuishi Birmingham, akafundisha katika vyuo vya Selly Oak, na huko akakutana na mafundisho ya Hick. Jibu lake tunaweza kulieleza kwa hadithi ya vipofu na ndovu, hadithi ya kale ya India ambayo Hick mwenyewe aliitumia. Mnaijua. Vipofu wanampapasa ndovu. Aliyeshika mguu asema ni nguzo, aliyeshika mkia asema ni kamba, aliyeshika sikio asema ni ungo. Watu husimulia hadithi hii kwa unyenyekevu, wakimaanisha kwamba kila dini imeshika sehemu tu. Newbigin akauliza: Ni nani anayeisimulia? Ni mfalme na watu wake, waliosimama pembeni macho wazi, wakimwona ndovu mzima. Mtu asemaye kwamba dini zote zimeshika kipande tu anadai kimya kimya kwamba yeye amekiona chote. Je, amesimama wapi mtu huyo?

Hick alilijibu jambo hilo, na ni haki tulitaje. Alisema hajidai kuwa mfalme. Yeye naye ni mmoja wa walioko chini, ila ameyalinganisha yale wanayosimulia wenzake, akapendekeza maelezo yanayofaa kuliko mengine. Ni jibu la mtu mwaminifu. Lakini twaona kwamba halikumwondolea shida yake, nayo ilizidi kukua kadiri alivyoendelea. Wabudha wengi hawasemi habari za Mungu aliye nafsi. Ikiwa Mungu ndiye jua la katikati, Wabudha watawekwa wapi? Kwa hiyo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1989 Hick aliacha kusema "Mungu" katikati, akasema "Kilicho Halisi", akimfuata mwanafalsafa Kant aliyefundisha kwamba hatuvijui vitu kama vilivyo bali kama vinavyotuonekea. Na Kilicho Halisi, kwa jinsi kilivyo chenyewe, hakiwezi kuitwa nafsi wala si nafsi, chema wala kiovu. Bado alisema kwamba dini hupimwa kwa matunda, yaani kama inamgeuza mtu aache kujipenda mwenyewe. Lakini tazameni umbali aliokwenda. Alianza safari kwa sababu Mungu ni upendo. Mwishoni, huko katikati ya yote, neno "upendo" halikuweza kutamkwa kama jina la Yule aliyeko.

Yuko na mtu wa tatu, ambaye habari zake zitawapendeza wasikilizaji wetu kwa sababu alizaliwa hapa Kenya mwaka 1958, katika jamaa ya Kikatoliki yenye asili ya India. Jina lake Gavin D'Costa. Alikwenda Uingereza mwaka 1968, akiwa mtoto wa miaka kumi, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na Hick akawa mwalimu wake. Mwanafunzi huyo akaandika kitabu kizima kuyapima mafundisho ya mwalimu wake, akakitoa mwaka 1987. Baadaye alisema wazi kwamba mtu asemaye dini zote ni sawa naye anafunga mlango kama wengine, kwa kuwa anawaambia Mwislamu, Mbudha na Mkristo kwamba kile wanachokishikilia kuliko vyote hakiko kama wanavyodhani. Twaona vyema kwamba neno hilo lilisemwa na mtu ambaye alikuwa mmoja wa watoto wa wageni wale wale ambao Hick aliwatetea.

Sasa turudi kwa mzee wetu na swali lake. Hick angemwambia: rafiki yako yuko salama, kwa njia yake. Wahubiri wengine, nasi tumewasikia, wangemwambia kinyume chake bila hata kushusha sauti. Newbigin alikataa kusema yote mawili. Alishika kwamba katika Yesu Kristo peke yake Mungu amejidhihirisha na kuuokoa ulimwengu, wala hakulilainisha neno hilo kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini alikataa pia kusema kwamba kila asiyekuwa Mkristo amepotea, maana kiti cha hukumu si chetu. Alikumbusha kwamba Bwana alipoulizwa kama waokolewao ni wachache, hakutoa hesabu. Alimgeuzia swali aliyeuliza, akawataka wajitahidi wao wenyewe kuingia. Someni Luka 13. Someni pia Matendo ya Mitume sura ya 10, mtaona kwamba siku ile ya Kornelio si akida peke yake aliyegeuzwa. Petro naye alijifunza nyumbani mwa mgeni jambo ambalo hakulijua asubuhi alipoondoka. Lakini alipoombwa kunena, alimtaja Yesu.

Mwaka 1980 palikuwa na kanisa dogo katika mtaa maskini wa Winson Green, ng'ambo ya gereza la Birmingham, ambalo wakubwa walikuwa wakifikiri kulifunga. Newbigin, akiwa na miaka 70, akalichukua. Alizoea kwenda nyumba kwa nyumba. Kwa Waingereza wenzake mara nyingi alifungiwa mlango, na alisema kwamba dharau ile baridi ilikuwa ngumu kuliko upinzani wowote aliouona India. Kwa Masingasinga na Wahindu alikaribishwa ndani. Newbigin alifariki mwaka 1998, na Hick akamfuata mwaka 2012, akiwa na miaka 90.

Tulimsimulia mzee wetu habari hizi, si zote, kwa maana jua lilikuwa likizama. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutuuliza tena lile swali la kwanza. Alitaka kujua kama kuna ubaya akipeleka sukari na unga kwa mjane, kwa sababu eda yake haijakwisha na nyumbani hapana mtu wa kwenda sokoni; na kama wale vijana wakimwuliza habari za imani yake, je, awajibu, au anyamaze kwa sababu ya msiba? Tukamwambia apeleke, na akiulizwa, ajibu.