Gari Ikidunda

Fundi wangu wa Kawangware hana mashine ya kupima gari. Huweka viganja viwili juu ya boneti, akasukuma chini kwa uzito wake wote, kisha akaachilia na kutazama. Gari ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Yangu ilidunda mara nne.

"Hizi shokomzoba zimekufa kitambo, binti," akasema. "Wewe unaendesha springi tu."

Nilijua. Mwaka jana, siku ya mvua, nilikuwa nikishuka Kibera Drive mtoto wa shule akaingia barabarani. Nilikanyaga breki, pua ya gari ikazama, magurudumu ya mbele yakaanza kurukaruka. Gari ilisimama mbele ya pale alipokuwa. Aliruka mwenyewe, mimi sikumwokoa. Miezi miwili tu kabla ya hapo nilikuwa nimelipa shokomzoba hizo "zitengenezwe".

Wengi hudhani shokomzoba ndiyo inayobeba gari. La, uzito hubebwa na springi. Kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi. Ndani yake mna oili na pistoni yenye vitundu vidogo. Tairi likiingia shimoni, pistoni hulazimika kupitisha oili katika vitundu hivyo, na oili haikubali kuharakishwa. Nguvu ya mdundo huishia kuwa joto. Sili ikichakaa oili huvuja, na tairi hucheza litakavyo. Watu husema ni suala la starehe tu, lakini tairi likiwa hewani halina breki.

Baba alikuwa dereva wa matatu, na fundi huyu alikuwa turnboi wake, ndiyo maana mpaka leo ananiita binti. Matatu zilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na jina lenyewe, tunavyoambiwa, lilitokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Wakati huo kibali cha kubeba abiria mjini kilikuwa cha Kenya Bus Service, iliyoanza 1934, kwa hiyo matatu zilikimbizana na polisi hadi 1973, Rais Kenyatta alipoziruhusu zifanye kazi bila leseni ya usafirishaji. Baba aliendesha Peugeot 404. Gari hiyo ilishinda Safari Rally 1963, kisha mwaka baada ya mwaka kuanzia 1966 hadi 1968, na madereva wa Nairobi waliamini kwamba kilichoweza matope ya Safari kitaweza matope ya mtaani. Kiliweza, ila gari ya Safari haikubeba abiria ishirini. Jioni baba aliketi ukingoni mwa kitanda ameshika kiuno, na sisi watoto tulijua tusimguse.

Barabara zenyewe zilikuwa mbaya kwa sababu mbili tofauti, na hili huwa halisemwi. Kibera, au Kibra kama Wanubi wanavyoiita, ilitengwa rasmi 1918 kuwa ardhi ya kijeshi, na waliokaa pale ni askari wa asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles. Hawakupewa hati. Kwa miongo mingi waliokaa humo, Wanubi na waliowafuata, walihesabiwa kama wapita njia kwenye ardhi ya serikali, na mpita njia hachongewi barabara. Kawangware ilikuwa upande wa Dagoretti, shamba la Wakikuyu nje ya mpaka wa jiji hadi wakati wa uhuru. Huko hati zilikuwepo. Lakini kila mwenye shamba alijenga vyumba vya kupangisha hadi ukingo wa ardhi yake, na vijia vya kwenda kuchota maji vikageuka mitaa. Huku serikali ilikataa kutoa ardhi, kule wenyewe walikataa kuachia hata futi kumi. Shimo ni lile lile.

Mafundi walijifunza kufufua. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilidhibitiwa, na spea halisi ilikuwa ghali mno kwa mwenye matatu moja. Basi walitoboa tundu ubavuni mwa shokomzoba, wakamwaga oili chafu, wakajaza mpya kwa sindano ya bomba, wakaziba kwa kuchomelea. Oili yoyote: ya injini, hata iliyokwisha kutumika. Gari ilikuwa ngumu kwa wiki kadhaa, mwenyewe akafurahi, kisha sili ile ile iliyochakaa, sasa imeungua kwa moto wa kuchomelea, ikaanza kuvuja tena. Zamani niliusifu ujanja huu. ILO ilipokuja Kenya ikaandika ripoti yake ya 1972, iliwaona mafundi wa namna hii kama watu wenye tija, si wazururaji, na ilikuwa kweli. Siku hizi nauona kuwa nusu ufundi, nusu kuuza matumaini. Isitoshe shokomzoba nyingi za sasa zina gesi iliyoshindiliwa, na kuitoboa ni kucheza na uhai wako.

Miaka ya 1990 vizuizi viliondolewa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika pamoja na vipande vyake. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, unaonyeshwa rundo uchague kwa kubonyeza fimbo na kuona inavyorudi. Gari haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane. Shokomzoba iliyo kwenye rundo haina karatasi ya kusema umri wake.

Gereji iliyonijazia oili ilikuwa Kibera. Siwezi hata kurudi kulalamika mahali pale pale, kwa sababu kabla yake palikuwa na gereji nyingine, na ile ilikuwa kwenye njia ya barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba, shule na vibanda. Lami ilipofika, fundi aliyekuwa akiishi kwa kukosekana kwa lami alishaondoka, na waliobaki ni wa kuhamahama.

Nilinunua mbili mpya za mbele, kwa sababu hubadilishwa kwa jozi. Ukibadilisha moja gari huvuta upande ukifunga breki. Zilikaribia kodi yangu ya mwezi. Za nyuma zitangoja. Fundi akaibana springi kwa vyuma vyake, polepole, uso ameugeuzia kando, maana ikifyatuka inavunja taya. Alipomaliza akasukuma boneti. Ikapanda mara moja.

Zile kuukuu akaziweka kando, juu ya gunia.

"Utazifanyia nini, mzee?"

"Kuna kijana wa Laini Saba huzichukua. Anazijaza oili."

Nikamwambia nitazibeba mwenyewe. Akanitazama kidogo.

"Basi niachie bei ya chuma," akasema.

Nikampa mia mbili, nikazipakia kwenye buti.