CFL: Reli ya Pale Mto Unapokataa

Kisangani imekaa ukingo wa kulia wa Mto Kongo, lakini stesheni yake ya reli iko ng'ambo, Lubunga. Hakuna daraja kati ya kingo hizo mbili, na halijapata kuwepo. Msafiri wa treni huanza safari yake majini, kwa kivuko au kwa mtumbwi, ndipo apande behewa. Mgeni huona hapo kasoro ya wahandisi. Wenye reli hawakuiona hivyo, kwa sababu kwao njia kuu ilikuwa mto. Chuma kilitandikwa pale tu mto ulipokataa kupitika.

Tarehe 1 Septemba 2026 inatimia miaka 120 tangu kipande cha kwanza cha reli hiyo kifunguliwe. Kampuni yenyewe iliundwa Januari 1902 na tajiri wa Ubelgiji, Baron Édouard Empain, yule yule ambaye kampuni zake zilijenga reli ya chini ya ardhi ya Paris na mtaa wa Heliopolis kule Cairo. Jina rasmi la kampuni lilikuwa refu kuliko baadhi ya stesheni zake: Compagnie des Chemins de fer du Congo Supérieur aux Grands Lacs Africains. Watu walisema CFL, wakamaliza.

Kazi iliyoikabili ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kupanda mto huo. Meli kutoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, zilifika Stanleyville, ndiyo Kisangani, bila taabu, zikakwama hapo. Mbele kulikuwa na maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika katika mwendo wa kilomita 100 hivi, la mwisho likiwa lile ambalo wavuvi Wagenia husimamishia miti mikubwa na kutega madema yao. Misafara ya Waswahili iliyotoka Nyangwe na Kasongo enzi za mfanyabiashara Tippu Tip ilikuwa ikiyakwepa kwa miguu, mizigo mabegani. CFL ililaza kilomita 125 za reli kando ya maporomoko hayo, kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu.

Ilijengwa wakati nchi bado ni mali ya Mfalme Leopold II, na haifai kuiadhimisha reli hii huku tukinyamazia jambo hilo. Mwaka 1906, mwaka ule ule wa uzinduzi, serikali yake ilihalalisha kwa amri kuwachukua watu kwa nguvu na kuwafanyisha kazi za umma kwa miaka.  

Kutoka Ubundu mto unatulia tena kwa kilomita 300 na kitu, mpaka Kindu. Hapo reli ikaanza upya: kilomita 355 hadi Kongolo, zilizomalizika siku ya mwisho ya mwaka 1910, kulikwepa korongo ambalo Wazungu waliliita Milango ya Jehanamu. Kisha meli tena mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo kilomita 273 za reli kwenda mashariki, zilizofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, mahali palipoitwa Albertville na sasa ni Kalemie. Mtu wa Stanleyville aliyetaka kuliona ziwa alipanda treni, meli, treni, meli, treni. Kila badiliko lilimaanisha makuli, maghala, kusubiri, na mji mzima ulioishi kwa kusubiri huko. Kindu ilikua hivyo. Ubundu vivyo hivyo.

Kipande cha Kabalo hakikuwa kimekaa hata mwaka kilipopewa mzigo ambao hakuna mwenye hisa wa Brussels aliyeuwazia. Oktoba 1915 kilibeba boti mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizotoka Cape kwa reli, zikavutwa kwa ng'ombe na matrekta ya mvuke kupita milima ya Mitumba, zikaelea Lualaba, yaani Kongo ya juu, hadi Kabalo. Jemadari wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuja kuwaondoa Wajerumani ziwani. Desemba 26 boti zake ziliiteka Kingani. Februari 9, 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai. Ndiyo iliyoibuliwa baadaye na kuitwa Liemba, jina ambalo halihitaji maelezo kwa mtu wa Kigoma.

Na mambo yalizunguka. Vita hiyo ya ziwani ndiyo iliyompa mwandishi C. S. Forester kisa cha riwaya yake ya 1935, The African Queen. Mwaka 1951 John Huston alipoigeuza kuwa filamu, alipiga kambi Biondo kando ya mto Ruiki, katika njia ya reli ya Ponthierville, na Katharine Hepburn na Humphrey Bogart wakaigiza huko vituko vya Afrika Mashariki ya Wajerumani katikati ya msitu wa Kongo. Reli ileile ambayo ncha yake ya mashariki ilizibeba boti za kweli, ncha yake ya magharibi ikawahudumia waigizaji wa boti ya kubuni. Sijui kampuni nyingine ya reli yenye bahati ya namna hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walipata, kwa mkataba wa Machi 1921 na Uingereza, maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mzigo wa mashariki ya Kongo ulishuka na CFL hadi Albertville, ukavuka ziwa, ukapakiwa kwenye Reli ya Kati. Reli zote mbili zilikuwa na upana mmoja, milimita 1,000. Kongo ya Lualaba ilikuwa imeelekeza uso Bahari ya Hindi, kama ilivyokuwa tangu zama za misafara.

Kisha yakaja mambo mawili ambayo vitabu vya reli huyasifu. La kwanza ni daraja la Kongolo, lililojengwa kuvuka Lualaba mwishoni mwa miaka ya 1930. Likaondoa meli ya Kongolo hadi Kabalo, na treni ya Kindu ikaweza kufika ziwani bila kushusha mzigo. La pili, lililougeuza uso huo, ni upana. Mwaka 1955 CFL iling'oa na kuipanga upya reli yake kwa milimita 1,067, upana wa Katanga, Rhodesia na Afrika Kusini, na mwaka uliofuata njia ya Kabalo hadi Kamina ikaiunganisha na kusini. Kwa Kalemie na Kindu hiyo ilikuwa faida kubwa. Kwa Stanleyville nadhani hapo ndipo ulipoanza uyatima, miaka mitano kabla ya uhuru na kabla ya risasi ya kwanza ya vita iliyofuata. Kipande chake cha kilomita 125 kiliachwa na upana wa zamani, kwa kuwa kilikuwa kimetenganishwa na wenzake kwa maji.

Mwaka 1974 CFL iliunganishwa na reli nyingine katika shirika la taifa, SNCZ, ambalo leo ni SNCC.  Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, kipande cha Kisangani kilijulikana duniani kwa nambari za kilomita zake: Lula kilomita ya 7, Kasese ya 25, Biaro ya 41, kambi za wakimbizi wa Rwanda mwaka 1997. Mei 4 mwaka huo, zaidi ya watu 90 walikufa ndani ya treni moja iliyojazwa kupita kiasi ikitoka Biaro, wamekosa hewa na kukanyagana.

Tangu hapo treni hupita kwa nadra. Kinachotembea kila siku ni baiskeli, zinazosukumwa kwenye kijia kando ya chuma zikiwa na mafuta ya mawese, mchele na mkaa. Kichwa cha treni kikiharibika Lubunga, fundi hawezi kuagiza kingine kutoka Kindu, kwa sababu cha Kindu kimepita kwa milimita 67, upana wa vidole vinne. Cha Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kwenye reli ya zamani ya mita, kingemfaa kwa upana. Lakini kati yake na Lubunga kuna ziwa, kilomita mia kadhaa za reli ya upana mwingine, na mto.