Ridhaa au Kujitendea? Neno Moja katika Maigizo ya Wafanyakazi wa Urusi baada ya 1917



Mtu anayecheza mpira au ndondi bila kulipwa, Waswahili humwita mchezaji wa ridhaa. Neno hili hutazama radhi ya mtu: kacheza kwa kupenda mwenyewe. Kirusi nacho kilikuwa na neno la namna hiyo, lyubitel, lenye mzizi wa kupenda. Lakini baada ya Mapinduzi ya Oktoba 1917, neno hilo lilianza kunuka sebule za matajiri waliokuwa wakiigiza ili kupitisha jioni. Mahali pake likapendelewa neno samodeyatelny, lililoundwa kwa viungo viwili: nafsi na kutenda. Kwa neno hili, mfanyakazi aliyepanda jukwaani baada ya kazi alitazamwa kama mtu anayejitendea, wala haikutosha kusema kwamba halipwi. Hoja yangu leo ni kwamba neno hilo lilidumu kuliko ahadi yake.

Ahadi yenyewe ilikuwa kubwa. Jumuiya ya Proletkult ilizaliwa Petrograd mnamo Oktoba 1917, siku chache kabla ya Wabolsheviki kutwaa madaraka. Mwananadharia wake mkuu, Alexander Bogdanov, alitaka tabaka la wafanyakazi lijijengee utamaduni wake bila kuwekwa chini ya chama wala dola. Lenin hakuridhia. Kufikia Desemba 1920 jumuiya hiyo ilikuwa imeamriwa kuwa chini ya wizara ya elimu. Mwaka huohuo, tarehe 7 Novemba, maelfu ya watu waliigiza kutekwa kwa Kasri la Majira ya Baridi palepale lilipotekwa. Lilikuwa onyesho la fahari, ila mwongozaji wake, Nikolai Evreinov, alikuwa msanii mzoefu wa kulipwa, na umati ulifuata ishara zake.

Naomba tukae kidogo na tukio lisilo na fahari kama hilo. Mwaka 1924 Sergei Eisenstein, akiwa na waigizaji wa Proletkult, aliipeleka tamthilia ya Sergei Tretyakov iitwayo Barakoa za Gesi ndani ya kiwanda halisi cha gesi mjini Moscow. Watazamaji waliketi kati ya mitambo. Hadithi yake ni ya wafanyakazi wanaoziba bomba linalovuja, ilhali barakoa za kuwakinga hazikununuliwa kwa uzembe wa meneja. Mwisho wa onyesho ulipangwa ugongane na kuingia kwa zamu ya usiku: waigizaji wanaondoka, wafanyakazi wenyewe wanashika mitambo. Onyesho lilirudiwa mara chache tu, na baadaye Eisenstein akahamia kwenye filamu. Wanahistoria wa filamu hulitaja tukio hili kama hatua ya msanii huyo. Mimi huwafikiria wale wa zamu ya usiku. Walihitajika ili onyesho likamilike, lakini hawakuandikiwa hata neno moja la kusema.

Walioikaribia maana ya kujitendea ni kundi la Sinyaya Bluza, yaani Blauzi ya Buluu, lililoanzishwa na Boris Yuzhanin mwaka 1923 katika taasisi ya uandishi wa habari mjini Moscow. Fanani walivaa blauzi ya buluu ya kazini, wakaongeza kofia au mshipi kumtambulisha bepari, padri au karani. Waliliigiza gazeti: habari za dunia, kejeli, nyimbo fupi, mazoezi ya viungo. Haja ilikuwepo, maana hata kufikia sensa ya 1926 takriban nusu tu ya watu wenye umri wa miaka 9 na zaidi walijua kusoma. Jarida la kundi hilo lilichapisha matini ili vikundi vya viwandani vichukue, vipunguze, na kuingiza mambo ya kwao: msimamizi mlevi, kantini chafu. Hapo hadhira ilikuwa na sauti kweli. Msikilizaji wa hapa atazikumbuka ngonjera za Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha la 1967. Nazo zilichapwa zikasambazwa, na swali ni lilelile: je, mtendaji aliruhusiwa kuongeza beti zake?

Kule Leningrad, Mikhail Sokolovsky aliongoza TRAM, ukumbi wa vijana wafanyakazi, kuanzia 1925. Mchana kiwandani, jioni jukwaani, wakiigiza mapenzi, mabweni na ugomvi wao wenyewe. Sifa zilikuja haraka. Mwaka 1928 vijana hao waliacha viwanda wakawa waigizaji wa kulipwa. Mwaka uliofuata Dmitri Shostakovich alikuwa akiwatungia muziki. Sidhani ni haki kusema walinyang'anywa kitu. Anayesifiwa hutaka kuijua kazi yake vizuri zaidi, na hadhira nayo ilikwisha kuchoshwa na wito wa kisiasa.

Pigo la juu lilikuja pia. Azimio la chama la Aprili 1932 lilivunja jumuiya za waandishi wa kiproletari, na katika miaka iliyofuata vikundi vya viwandani viliwekwa chini ya walimu wa kitaaluma, vikaigiza Ostrovsky na tamthilia mpya zilizoidhinishwa. Mwaka 1936 TRAM ya Leningrad iliunganishwa na ukumbi mwingine, jina lake likafutika.

Neno samodeyatelnost halikufutika. Liliendelea kuwa jina la kwaya, ngoma na maigizo katika majumba ya utamaduni kote Urusi ya Kisovieti. Katika Kirusi cha kila siku, hata hivyo, lilipata maana ya pili ambayo ingali hai: mtu akiambiwa kazini kwamba anafanya samodeyatelnost, anakaripiwa kwa kutenda jambo bila kuagizwa.