Bomba

Huku Mwaya, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mtu akisema “bomba linavuja” huenda anamaanisha koki, au paipu iliyofukiwa ardhini, au pampu ya mkono ya kisimani. Neno tulilipata kwa Wareno, na kwao bomba ni pampu. Hivyo pampu ya kisima ndiyo iliyobaki karibu na asili. Kiswahili kikaongeza bomba la sindano, hata bomba la moshi. Huo ni utajiri, lakini fundi bomba hafanyi kazi kwa kubahatisha. Koki ikidondosha maji hata ukiikaza, mara nyingi kilicholika ni kile kipira cha ndani, na kukibadilisha ni kazi ndogo. Basi ukimpigia simu mwambie “koki haifungi” au “paipu imepasuka”, aje na kifaa kinachofaa.